Utepe Mwekundu kwa Kila Mbuzi

Saa moja asubuhi cherehani yangu huwa imeshaanza kulia. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na rafu tatu alizozitengeneza mume wangu, ambaye ni seremala. Rafu ya juu ni ya nguo za watu wazima. Ya kati ni ya sare za shule. Ya chini ni ya nguo za watoto wadogo. Kila rafu nimeipanga kwa rangi. Ukija kuulizia sketi ya kijani ya mtoto wa miaka saba, sikupotezei muda. Nanyoosha mkono tu, hii hapa.

Sijisifu. Haya basi, najisifu kidogo. Mtaani wananiita Fundi Nadhifu, na jina hilo sikujipa mwenyewe.

Mama mkwe hakuona ajabu yoyote. Akija kututembelea husimama mlangoni. Hutazama rafu, hutazama sakafu isiyo na hata uzi mmoja, kisha husema, "Mkwe wangu, kwenye nyumba hii mtu anaogopa hata kupiga chafya." Mume wangu hucheka mpaka akafuta machozi. Mimi nami hucheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

Mama mkwe anaishi peke yake mtaa wa bondeni, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Ana mbuzi mmoja wa maziwa, wa kahawia, anayemwita Maringo. Wakati wa mambo haya Maringo alikuwa na mtoto wa wiki tano. Mama humsemesha mbuzi huyo kama jirani. Mimi na Maringo tulikuwa watu wa salamu tu. Nikienda bondeni nilikaa sebuleni, yeye alikaa bandani kwake. Sikuwahi kumtazama vizuri. Kwangu mbuzi alikuwa mbuzi, basi.

Redio ikatangaza kimbunga siku tatu kabla hakijafika. Watu wa bondeni waliambiwa wahamie shule ya msingi iliyoko juu ya kilima. Mama mkwe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Alibeba bahasha ya vyeti vyake, blanketi na dawa zake za presha. Maringo alikuwa nyuma yake kwa kamba, na mtoto nyuma ya Maringo.

Mlinzi wa lango akamwambia, "Wewe ingia, Mama. Mbuzi wabaki nje. Wanyama hawaruhusiwi."

"Wabaki nje wapi? Upepo huo unaokuja nao hauruhusiwi?"

"Mama, hayo ndiyo maagizo niliyopewa."

Mama akageuka. Akapita kwetu. Nikamwambia, "Karibu, Mama, kaa na sisi."

"Na Maringo?"

Nilichelewa kujibu. Nitasema kweli, maana hadithi hii haina faida nikijipaka mafuta. Niliwaza vitambaa vya wateja, niliwaza sakafu, niliwaza harufu. Nilipofungua mdomo kusema "haya, waingie," Mama alikuwa ameshaaga. Hakununa. Alisema tu kwamba nyumba yake imeona upepo mwingi, akateremka bondeni na mbuzi wake.

Kimbunga kilikuja Jumanne mchana. Sina haja ya kukieleza kirefu. Aliyekiona anajua, na asiyekiona Mungu amwepushie. Kiling'oa mabati, kikalaza nguzo za umeme, kikajaza maji bondeni mpaka magotini. Mama mkwe alijificha chini ya meza yake nzito, akatoka mzima. Lakini banda la mbuzi lilipeperuka lote. Maringo na mtoto wake walitoweka.

Sasa sikiliza sehemu ninayopenda kuisimulia. Jumatano asubuhi mtaa wetu ulitoka. Hakuna aliyetuita. Mwalimu mkuu alifungua kila darasa, na kufikia saa nne familia sitini zilikuwa ndani. Dereva wa lori alijaza mafuta yake mwenyewe akaanza kubeba watu. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa kimebaki kiti tu, alishika koleo akasema, "Vichwa vitasubiri, tufungue njia kwanza." Muuza mboga alileta sufuria zake kubwa. Mume wangu alibeba msumeno na nyundo. Nani alisema watu wa siku hizi hawana utu? Aje mtaani kwetu.

Lori lilikuwa likirudi na watu, lakini pia lilirudi na wanyama. Mbuzi waliokutwa juu ya vifusi. Kondoo waliokwama kwenye matope. Mbwa waliotetemeka. Mwalimu mkuu alikuna kichwa.

"Maagizo ni kwamba wanyama hawaingii," alisema.

"Mwalimu," dereva wa lori alijibu, "huko bondeni kuna watu hawataki kupanda gari langu kwa sababu ya wanyama wao. Wanakaa kwenye nyumba zinazoning'inia. Mtu haachi mbuzi wake afe hivi hivi. Ukimkataa mbuzi, umemkataa na mwenyewe."

Mwalimu mkuu akatazama uwanja wa mpira ulioko nyuma ya madarasa. Akapiga moyo konde. "Fungueni. Nitajibu mimi." Kisha akageuka kunitafuta. "Fundi Nadhifu, wewe ni mtu wa mpangilio. Uwanja ni wako."

Kifua changu kilijaa! Nilikimbia nyumbani nikarudi na mkasi, ndoo mbili na roli zima la utepe mwekundu.

Mume wangu alijenga mazizi kwa mbao za mapaa yaliyoanguka. Mimi nikapanga. Kila mnyama aliyeshuka kwenye lori nilimwosha matope. Shingoni wengi walikuwa na vikamba vichafu, vipande vya matambara, nyaya, makorokoro tu. Nilikata yote nikayatupa kwenye gunia. Badala yake kila mmoja nilimfunga utepe mwekundu, na fundo zuri. Halafu nikawagawa. Weupe zizi la weupe. Weusi zizi la weusi. Wa kahawia zizi la kahawia. Na wadogo wote nikawaweka zizi lao, wadogo na wadogo, kama rafu ya chini.

Hadi jioni nilikuwa na mbuzi thelathini na mmoja na kondoo sita. Mbwa tuliwafunga upande wa pili. Uwanja ulipendeza. Watu walisimama kuutazama. Muuza mboga alisema, "Fundi, hata mbuzi wanaonekana wamepigwa pasi." Niliondoka na kichwa juu.

Alhamisi asubuhi kichwa kilishuka.

Kwanza, kelele. Watoto wa mbuzi walikuwa wakilia bila kupumzika. Mama zao walisimama kwenye kona za mazizi, viwele vimejaa, nao wanalia. Pili, ugomvi. Wanaume wawili walishikana mashati juu ya mbuzi mweupe.

"Wangu alikuwa na kamba ya katani shingoni!"

"Na wangu alikuwa na waya! Sasa wote wana utepe, nitamjuaje?"

Kinyozi aliwatenganisha. Aliwatenganisha kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umeumwa na mbwa. Alikuwa amejaribu kumpapasa kichwani amfariji.

Tatu, na hili ndilo lililonikata maini, mume wangu alirudi kutoka bondeni akiwa amekunja uso.

"Mama hataki kuja," alisema. "Anasema Maringo akirudi akakuta hakuna mtu, ataenda wapi? Na ukuta wa upande wa barabara una ufa. Naingiza mkono mzima ndani ya ufa huo. Redio inasema mvua kubwa inarudi leo alasiri."

"Umemwambia kwamba ukuta utaanguka?"

"Nimemwambia. Nikamdanganya pia. Nilisema Maringo tumempata, yuko shuleni. Akaniuliza kamba yake ina rangi gani. Nikabahatisha, nikasema nyeupe. Akanitazama tu. Akasema, 'Nimekuzaa mimi, nakujua ukidanganya.' Kumbe kamba ya Maringo ameisokota kwa kitambaa cha pazia lake la zamani, la bluu. Sasa hata nikimwambia jua linawaka hataniamini."

Alizunguka mazizi yote akitafuta mbuzi mwenye kitambaa cha bluu shingoni. Hakumwona, maana hakujua kwamba kamba zote nimezikata, na yeye naye, kama mimi, hakuwahi kumtazama Maringo vizuri. Mimi nilikuwa nikigawa maji, sikusikia vizuri alichokuwa akitafuta. Au nilisikia, nikashindwa kuunganisha. Uchovu nao ni ugonjwa.

Saa tatu hivi akafika Bibi Mifugo. Ndivyo tunavyomwita afisa mifugo wetu, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na mkoba wa ngozi. Alikuja kwa baiskeli, matope mpaka mgongoni. Alizunguka uwanja kimya kimya. Alimgusa mbuzi huyu tumbo, akamtazama yule macho. Kisha akauliza, "Nani amepanga hivi?"

"Mimi," nilisema, bado na fahari kidogo.

"Pamependeza, dada. Umewapa maji safi?"

"Ya kisima cha juu, ambacho hakikuingiwa na mafuriko."

"Vizuri sana. Wamekula nini?"

"Majani. Jana mtu alileta gunia la mahindi, nilitaka kuwamwagia wale washibe."

"Afadhali hukumwaga. Mbuzi aliyekaa na njaa akila mahindi mengi kwa pamoja, tumbo humvimba na anaweza kufa. Majani kwanza. Nafaka kidogo kidogo, baada ya siku kadhaa. Hapo umewaokoa." Akatazama shingo za mbuzi. "Sasa niambie, kamba zao ziko wapi?"

"Zile chafu? Nimezikata zote."

Bibi Mifugo alifumba macho. Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea.

"Dada yangu, kikamba kile kichafu ndicho kitambulisho cha mbuzi. Mwenyewe alikifunga kwa mkono wake, anakijua kama anavyojua mlango wake. Nani alikuletea kila mbuzi? Alipatikana wapi?"

"Dereva, Kinyozi, watu. Wapi, sijui. Bondeni."

"Umeandika?"

"Sikuandika."

"Na hawa wadogo, umewatoa kwa mama zao?"

"Nimepanga wadogo na wadogo," nilisema, na sauti ikawa inaishia njiani.

"Nguo ndogo haimlilii nguo kubwa, dada. Mtoto wa mbuzi hulia, na akikosa ziwa siku mbili hafiki ya tatu."

Nilitamani ardhi inimeze na utepe wangu. Bibi Mifugo alinishika bega. "Hujaua mtu. Umefanya kazi ya watu kumi, ila umeanzia mwisho. Tulirekebishe sasa hivi. Gunia la kamba umelitupa?"

"Lipo stoo ya shule."

"Lilete. Halafu mumeo atoe ubao wa chini kwenye kila zizi, wadogo wapite."

Mume wangu alitoa mbao. Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile. Wadogo kumi na mmoja walitoka mbio, masikio yanapepea. Hawakuuliza njia. Kila mmoja alipita mbele ya mbuzi wasiomhusu, akanusanusa, akaachana nao, akamfikia wake, akajipenyeza chini na kuanza kunyonya. Watu waliokuwa wakigombana walisogea kutazama. Mimi nililia waziwazi, sikujificha.

Nikamwaga gunia ili tuzitazame kamba. Katani, waya, ukanda wa mkoba, mpira wa baiskeli. Na katikati yake kamba iliyosokotwa kwa kitambaa cha bluu chenye maua meupe.

Pazia hilo nalijua. Nililishona mimi mwenyewe, mwaka nilioolewa.

"Njoo uone," nilimwita mume wangu. "Mama yako anamtafuta mbuzi mwenye kamba hii?"

Mume wangu aliitazama ile kamba, akanitazama mimi, akakaa chini kwenye nyasi. Maringo alikuwa kwenye uwanja wetu tangu jana. Alikuwa mmoja wa wale wa kahawia kumi na mmoja, tena wote wamefungwa utepe mwekundu. Na mama mkwe wangu alikuwa amekaa chini ya ukuta wenye ufa, akimsubiri, kwa sababu mimi nilikata kamba chafu.

"Tuchukue yeyote wa kahawia tumpelekee," mume wangu alisema. "Atoke tu ndani."

"Hapana," Bibi Mifugo alisema. "Mkimpelekea asiye wake, hatawaamini tena, na mbuzi wa mtu mwingine mtakuwa mmempoteza. Nendeni mkamwulize alama. Kamba hukatika, alama ya mwilini haikatiki. Mwenye mali atatuambia kitu ambacho hakionekani kwa mbali. Na msiingie ndani ya nyumba. Simameni mbali na ule ukuta, mwiteni atoke."

"Nitakwenda mimi," nilisema.

Mimi na mume wangu tulipita njia ya juu ili tuepuke nyaya za umeme zilizolala kwenye maji. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Nilijiuliza nitaanzaje. Ningeweza kusema kamba ilidondoka yenyewe, nani angejua? Mtu mwenye sifa mtaa mzima, aende kumwambia mama mkwe kwamba unadhifu wake ndio uliomfichia mbuzi? Niliufikiria uongo huo mpaka tulipofika kwenye lango lake.

Nyumba ilikuwa na nusu ya mabati. Mama alikuwa amekaa ndani ya mlango, kwenye kigoda, blanketi mabegani. Ufa ulikuwa umeshuka ukutani karibu naye kutoka juu mpaka chini.

"Shikamoo, Mama," nilisema nikiwa uani.

"Marahaba. Mbona hamwingii?"

"Ukuta huo, Mama. Tafadhali toka nje tuzungumze."

"Nasikia vizuri nikiwa hapa. Kama mmekuja na hadithi ya Maringo, mumeo ameshanisimulia. Kamba nyeupe, nasikia."

Nilitoa ile kamba kwenye mfuko. Mama alisimama.

"Mmeitoa wapi? Amekufa?"

"Hajakufa, Mama. Yuko shuleni tangu jana. Kamba nimeikata mimi."

"Umeikata?"

"Niliikata kwa mkasi. Zote nimezikata, za mbuzi wote. Niliona ni chafu. Nikawafunga utepe mwekundu, nikawapanga kwa rangi. Mtoto wake nikamweka na watoto wenzake. Sasa wako kumi na mmoja wa kahawia na sijui Maringo ni yupi. Nimekuja kwako nina aibu, Mama. Na siku ile uliponiuliza kuhusu Maringo, nilichelewa kujibu. Hilo nalo nakuomba radhi."

Mume wangu alitazama miguu yake. Matone ya kwanza ya mvua yaligonga bati.

"Umewapanga kwa rangi," Mama alisema polepole.

"Ndiyo, Mama."

"Na fundo?"

"La kipepeo, Mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho kwa pembe ya blanketi, akabeba bahasha yake na dawa zake, akatoka nje ya ule mlango.

"Mwanangu alinidanganya kwa habari njema," aliniambia. "Uongo wa kunitoa nyumbani ungekuwa mtamu. Haya yako yanakuaibisha mwenyewe, kwa hiyo ni kweli. Twende."

Njiani alitaja alama za Maringo. Ukwato wa nyuma wa kulia una mpasuko. Chini ya taya kuna kovu la duara, kubwa kama kifungo cha shati. Na akiitwa na Mama, huitika.

Tulipofika uwanjani Bibi Mifugo alimwomba Mama asimame nje ya zizi la kahawia, aite. Mama hakupaza sauti. Alisema tu, kama anayemwita mtu wa chumba cha pili, "Maringo. We Maringo."

Mbuzi mmoja kule nyuma aliinua kichwa. Akaitika kwa sauti nzito, akawasukuma wenzake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye ubao, mtoto akimfuata miguuni. Bibi Mifugo aliinua mguu wa kulia wa nyuma. Mpasuko. Akapapasa chini ya taya. Kovu. Uwanja mzima ulishangilia, hata wale wawili wenye mbuzi mweupe.

Mvua kubwa iliteremka saa tisa. Saa kumi kasoro Kinyozi, aliyekuwa ametoka zahanati na bandeji mkononi, aliingia darasani ameloa. Alimtafuta mume wangu, akamnong'oneza. Mume wangu akaja kwa mama yake, akapiga magoti.

"Ukuta umeanguka, Mama. Umeangukia ndani. Kigoda kimevunjika vipande."

Mama akanishika mkono, akaushika kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniuma. Sikuutoa.

Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi upya, na tuliifanya vizuri. Bibi Mifugo alitufundisha, sisi tukashika. Nilichora mistari kwenye daftari kubwa la shule. Kila mnyama namba. Amepatikana wapi, siku gani, amemleta nani. Ana alama gani. Mwenye mali ni nani. Utepe mwekundu uliendelea kufanya kazi, sasa una namba niliyoidarizi kwa uzi mweusi, na kamba ya zamani inabaki pale pale shingoni hata ikinuka. Mama na mtoto hawatenganishwi. Mnyama mgonjwa hukaa peke yake. Mzoga haushikwi kwa mikono mitupu, na huzikwa mbali na kisima. Mtu akija kudai mbuzi wake, hataji rangi tu. Anataja alama kabla hajaonyeshwa mazizi.

Kinyozi alipewa somo lake pia. "Mbwa mwenye hofu haguswi," Bibi Mifugo alimwambia mbele za watu. "Na mtu akiumwa, anaosha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha anakwenda zahanati siku hiyo hiyo. Hangoji kesho."

"Nilikwenda," Kinyozi alisema. "Nimechomwa sindano, na nyingine bado zinanisubiri. Mbwa mwenyewe hata pole hajanipa."

Siku ya tisa, kati ya wanyama thelathini na saba, thelathini na wanne walikuwa wamerudi kwa wenyewe. Wale wanaume wawili? Mmoja alitaja jino lililovunjika. Bibi Mifugo akafungua mdomo wa mbuzi mweupe, jino likaonekana limevunjika kweli. Yule wa pili akampa mwenzake mkono, na kesho yake tukampatia wake kwenye lori lililotoka mtaa wa pili. Shule tatu za jirani zilituma watu kuja kulitazama daftari letu. Nililionyesha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Nikawaeleza na kosa langu, ili wasilirudie. Nilijipiga kifua? Nilijipiga. Mtaa wetu ulistahili.

Mama alikaa kwetu miezi minne, mpaka mume wangu na wenzake walipomjengea nyumba nyingine kwenye kilima. Maringo na mtoto walilala nyuma ya duka. Sakafu niliifagia mara tatu kwa siku, na sikufa.

Mwaka uliofuata redio ikatangaza tena. Safari hii lango la shule lilikuwa na kibao kipya: WATU MADARASANI, WANYAMA UWANJANI, WOTE KARIBUNI. Kimbunga kilikuwa bado mbali, lakini foleni ilishafika barabarani. Watu wa bondeni walikuja wote. Hakuna hata mmoja aliyebaki nyumbani kwa ajili ya mbuzi.

Mimi nilikaa kwenye meza na daftari langu. Wa kwanza alikuwa mama mkwe, na kamba mbili mkononi. Moja ya Maringo, na nyingine ya yule mtoto, ambaye sasa alikuwa mbuzi mzima mwenye mimba.

"Mbuzi wa kwanza, alama?" niliuliza, kama ninavyomwuliza mtu yeyote.

"Ukwato wa nyuma wa kulia, mpasuko. Mwenye mali ni mimi."

"Wa pili?"

"Baka jeupe ndani ya sikio la kushoto."

"Mwenye mali?"

"Andika mkwe wangu, Fundi."

Nilidhani amechoka na foleni. "Mama, hapa naandika jina la mwenye mbuzi."

"Nimesikia. Ni wako. Nimekupa." Alisema kwa sauti, na watu wote nyuma yake wakasikia. Nilishika kalamu, machozi yakinitiririka, mstari mzima siuoni.

"Haya andika," Mama alisema, akigonga meza kwa kidole. "Watu wanasubiri."

Nikaandika.